Chatu akisusa kula, hakupimi kimo

Mhariri,

Salamu kutoka Reading, Uingereza, ambako nalisoma gazeti lako kwenye simu kila Jumapili nikitoka zamu ya asubuhi ya kuendesha basi. Wiki mbili zilizopita, kwenye ukurasa wa mikasa, mlichapa kisa cha mwanamke aliyefuga chatu ndani ya nyumba. Chatu akasusa kula, wiki zikapita, na usiku akawa anapanda kitandani na kujinyoosha kando ya bibi yule kama rula. Bibi akampeleka kwa daktari, naye daktari akasema: "Mama, huyu haumwi. Anafunga ili tumbo lipate nafasi, na anajinyoosha akupime kama utaenea." Mkamalizia kwa kuwaonya wasomaji kwamba nyoka wa kufugwa akikataa chakula, mwenye nyumba aanze kuhesabu siku zake.

Kisa hicho nimeshakisikia mara nne. Mara ya kwanza mwanamke alikuwa Marekani, mara ya pili Afrika Kusini, mara ya tatu alikuwa mwanamume, na kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu alikuwa amehamia Mbezi. Daktari hana jina, mji hauna jina, anayebaki vilevile ni chatu tu. Ningekaa kimya kama zamani. Ila safari hii dada yangu aliye Kilosa aliupiga picha ukurasa wenu, akanitumia, kisha akanipigia simu huku alfajiri haijapambazuka: "Kaka, muue huyo mdudu kabla hajakumaliza." Maana mimi ninaye chatu sebuleni, Mhariri, na chatu huyo alikaa siku 159 bila kula.

Si wangu hasa. Ni wa binti yangu Rehema, ambaye alinisumbua miaka miwili hadi nikakubali, nikidhani ni homa ya utoto. Septemba iliyopita akaenda chuo kikuu, bweni haliruhusu wanyama, akaniachia nyoka pamoja na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa kwenye friji. Ile karatasi niliisoma kama watu wanavyosoma masharti ya mkopo, yaani mwishoni tu, pa kutia sahihi.

Wasomaji wasimfikirie yule chatu wetu wa mabondeni anayemeza mbuzi. Huyu ni aina ndogo. Waingereza humwita chatu wa kifalme, Wamarekani humwita chatu mpira, kwa sababu akiogopa hujiviringa akawa duara na kukificha kichwa katikati. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegali hadi kaskazini-magharibi mwa Uganda; Tanzania hayupo. Ni nadra kuzidi mita moja na nusu. Wa kwetu ana mita moja na sentimita kumi, ana mabaka ya kahawia na meusi yaliyopangika vizuri kiasi kwamba mke wangu, ambaye hamgusi hata kwa fimbo, ndiye aliyempa jina: Kitenge. Huko Ouidah, nchini Benin, wana hekalu zima la chatu wa aina hii, na akiingia nyumbani kwa mtu hurudishwa kwa heshima. Sisi hatukufika huko. Tulimwekea taa.

Alikula mara ya mwisho tarehe 19 Oktoba. Wiki mbili baadaye nikamtolea panya, akamnusa kwa ulimi, akageuza uso. Nikamrudia kesho yake. Nikamrudia keshokutwa. Kiswahili kina neno zuri, kususa, na neno hilo ndilo lililonipoteza. Anayesusa ana kinyongo, na mwenye kinyongo hubembelezwa. Basi nikawa nambembeleza. Nilikuwa namtikisia panya usoni, namtoa kwenye kasha lake la kioo, nampapasa, namrudisha, nampigia simu ya video Rehema amseme. Ndani ya wiki tatu nilikuwa nimetupa panya wanne.

Hapo niseme kidogo kuhusu panya. Mimi ni mtoto wa mkulima wa mahindi. Msimu wa kupanda tulikuwa tukilala shambani tukiwinda panya shamba, wale wanaofukua mbegu usiku huohuo ulipozifukia, ukaamka ukakuta mstari mzima ni vishimo vitupu. Tulikuwa na mitego ya ndoo ya maji, na asubuhi baba alikuwa akihesabu mizoga kwa furaha kuliko mwenye duka anavyohesabu mauzo. Leo mwana wa mzee yule analipa karibu pauni mbili kwa panya mmoja aliyegandishwa, mweupe, amenyooshwa mkia ndani ya mfuko wa plastiki. Mzee angefufuka kwa ajili ya kunichapa tu. Rehema naye ana lake: "Baba, panya buku wa Morogoro, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la hapahapa Uingereza mwaka 2020 kwa kunusa mabomu Kambodia. Wewe wenzake unawaloweka wayeyuke."

Turudi kwa Kitenge. Mwezi wa pili wa mgomo ndipo nilipoisoma ile karatasi ya friji kwa akili. Mstari wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa: JOTO. Nyoka hana moto wake ndani kama sisi. Anauchukua nje, na bila joto tumbo halisagi kitu. Chatu wa kifalme anahitaji upande mmoja wa kasha lake uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili upoe kwenye 25 hivi, ili achague mwenyewe. Akila akiwa na baridi, panya anaweza kumwozea tumboni, kisha atamtapika. Kwa hiyo nyoka mwenye baridi anayekataa kula ana akili kuliko anayemlazimisha.

Nikatoa kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, cha enzi zile za korona mlangoni, nikakielekeza chini ya taa. Nyuzi 26. Huo ndio ulikuwa upande wa moto! Nikaangalia upande wa baridi: 19.

Mkosaji nikamjua. Rehema alipoondoka nilimhamisha Kitenge kutoka chumbani mwake nikamweka sebuleni, kati ya televisheni na mlango wa nje, ili chumba kile nikizimie joto nipunguze bili ya umeme na gesi. Katika kuhamisha, kile kihisi kidogo cha themostati (kifaa kinachowasha na kuzima taa kulingana na joto), kinachotakiwa kukaa usawa wa mahali nyoka anapolala, kilichomoka kikaning'inia karibu na taa. Kikawa kinaungua peke yake, themostati inadhani kasha zima limeshapata moto, inazima. Nyoka huku chini anatetemeka, kama nyoka wangetetemeka. Na kila mlango unapofunguliwa anapigwa na upepo wa Novemba, na kila jioni anapigwa na kelele za mpira. Mimi mwenyewe nilipofika nchi hii nilikaa siku nyingi natazama sahani tu. Sikuwa nampima mtu kimo.

Nikamrudisha chumbani. Nikafunga kihisi vizuri kwa waya. Nikamwekea maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi, madogo ya kumbana. Hili la kubana lilinishangaza, maana nilikuwa nimemtafutia kasha kubwa la kifahari nikidhani ndiyo upendo. Kumbe kwao chatu huyu mchana hulala kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu vya mchwa, mwili umegusana na ukuta pande zote. Ukimweka kwenye uwanja mweupe wenye taa anaona kila kitu ni mwewe. Nikaziba kioo kwa khanga kuukuu pande tatu. Bakuli la maji likawa kubwa zaidi, hewa isikauke, kwa sababu hewa kavu humharibia kujivua gamba. (Kujivua gamba kwa kweli, si kule kwa wanasiasa wa 2011.) Na hilo nalo ni sababu ya mgomo inayofaa kujulikana: siku chache kabla ya kujivua, macho ya nyoka huwa na ukungu wa buluu kama maziwa yaliyotiwa maji, haoni sawasawa, na wengi wao hawali kabisa mpaka gamba litoke. Nilimkuta hivyo mwezi Desemba, nikamwacha.

Joto likakaa sawa. Gamba likatoka zima, toka pua hadi mkia. Panya nikamtoa. Kitenge akakataa.

Mke wangu akaanza kuniangalia kwa namna fulani. Ndipo nikampigia simu daktari wa wanyama anayejua nyoka, maana si kila daktari wa paka na mbwa anawajua. Nilipompelekea Kitenge, alimfungua mdomo taratibu kwa kijiti laini, akatafuta vidonda na usaha kwenye fizi. Akamsikiliza anavyopumua, kama anakoroma au anatoa mapovu puani. Akamkagua chini ya kidevu na kuzunguka macho akitafuta utitiri. Akachukua kinyesi kilichokuwapo apime minyoo. Yote safi. Halafu akaniuliza swali ambalo wiki zote hizo sikujiuliza: "Ana uzito gani?"

Sikujua. Nilikuwa najua alivyogoma, sikujua kama amekonda.

Basi mizani ya mke wangu ya kupimia unga wa maandazi ikapata kazi ya pili, na baada ya mazungumzo marefu nikanunua nyingine, ile ya kwanza ikaoshwa kwa maji ya moto mara tatu. Mke wangu alikuwa sahihi. Nyoka anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuumwa, na vyombo vyake havichanganywi na vya watu. Rehema alikuwa na daftari: mwezi Oktoba, gramu 1,340. Mimi nilipompima katikati ya Januari, karibu miezi mitatu bila kula: gramu 1,290. Gramu hamsini tu! Mimi nikikosa chakula cha mchana napoteza zaidi ya hapo kwa hasira. Daktari akanieleza kwamba chatu dume aliyekomaa mara nyingi huacha kula majira ya baridi kwa sababu ni wakati wake wa kutafuta jike, hata kama jike lenyewe liko ng'ambo ya bahari, na hata taa zikiwaka vizuri. Akaniambia nimpime kila wiki, nimpe panya mara moja tu kila wiki mbili, siku nyingine nisimguse. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza kama paa la nyumba, au akianza kupumua kwa mdomo wazi, nimrudishe siku hiyohiyo. Nikamwuliza kuhusu kumlisha kwa nguvu, kumsukumia panya kooni, kama nilivyoona kwenye video. Alinitazama kama nimetukana. Kitu hicho hufanywa na mtaalamu, mwisho wa mambo yote, kwa nyoka anayekufa. Kwa nyoka mwenye hofu ni kumwongezea hofu.

Nikauliza pia kama nimpe panya hai, labda atashtuka. Nalo akalikataa, kwamba panya hai anauma, na nyoka asiye na hamu ya kula hukaa tu huku anatafunwa mgongo.

Daktari alinipa elimu, lakini aliyenipa dawa ni mama mkwe. Yeye ni wa Kisesa, karibu na makumbusho ya Bujora, na mjomba wake alikuwa katika Bayeye, chama cha Wasukuma wanaoshika nyoka na kutibu waliogongwa. Chatu kwake si habari. Alipiga simu kumsalimia binti yake, akasimuliwa, akaomba kuongea na mimi.

"Mkwe," akasema, "tangu umuoe mwanangu, umekula mbele yangu mara ngapi?"

"Sijawahi, mama."

"Kwa nini?"

"Heshima, mama."

"Basi na yeye mpe. Watu wazima mmekaa mnamwangalia mdomoni."

Nilicheka, lakini nilipokata simu nikaona aibu. Tangu Oktoba sijawahi kumpa yule mnyama chakula bila kusimama pale na tochi.

Februari ikapita hivyo. Mara mbili nilimwekea, mara mbili akaacha, uzito ukafika 1,265. Nilijilazimisha kutomgusa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kukaa bila kufanya kitu wakati dada zako wanakutumia picha za chatu waliovimba matumbo. Nikawa nasoma. Nilijifunza kwamba kwenye midomo ya chatu huyu kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto, ndivyo vinavyomwonyesha mnyama mwenye damu moto gizani. Sasa mimi nilikuwa nampa panya aliyetoka kuyeyuka, baridi kama samaki wa jana. Kwake ulikuwa mzoga, na huyu hana desturi ya mizoga. Nilijifunza pia kwamba wafugaji wa Marekani, chatu akigoma sana, humtafutia aina ya panya kutoka Afrika ambaye ni wa jamii ya panya shamba wetu walewale, kwa kuwa harufu hiyo inamkumbusha kwao. Nikakumbuka ndoo za baba. Mali yote ile tuliitupa jalalani.

Tarehe 27 Machi, Ijumaa, nikafanya kama mtu aliyefundwa. Panya mdogo kuliko wa kawaida, asiyezidi unene wa tumbo la Kitenge, alikuwa ameyeyuka kwenye friji tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Jioni nikamtia ndani ya mfuko uliofungwa, mfuko ndani ya maji ya moto ya bomba. Si kwenye mikrowevu. Jirani yangu mmoja alijaribu huko na sisimulii. Kisha nikamkausha kwa mashine ya nywele ya mke wangu, ambaye atalisoma hili gazetini kwa mara ya kwanza, hadi kipimajoto kikasoma nyuzi 38 kichwani, kwa sababu kichwa ndicho nyoka anachokitafuta. Taa ya chumba nimezima. Nikamshika panya kwa koleo refu, nikampitisha mara moja mbele ya mlango wa maficho, polepole, kama panya anayejipitia zake, nikamlaza pale. Nikatoka. Nikafunga mlango.

Nilikuwa ukumbini navua viatu niliposikia kishindo, kama mtu aliyeangusha kitabu. Sikurudi kuangalia. Mama mkwe angejua.

Asubuhi panya hakuwepo, na Kitenge alikuwa amejikunja upande wa joto na uvimbe katikati. Sikumgusa siku tatu.

Sasa nirudi kwenye kisa chenu. Chatu hapimi mtu. Huvizia, hunusa, huhisi joto, huruka. Akipata nafasi hukamata papo hapo, hakai wiki tatu anapiga hesabu. Akijinyoosha kando ya mtu aliyelala, amefuata joto la mwili, na hapo swali ni moja tu: kwenye kasha lake kuna baridi kiasi gani hadi akimbilie blanketi la watu? Sisemi chatu wote hawana hatari. Mwaka 2013, Campbellton, Kanada, chatu mkubwa wa Afrika alitoroka kwenye banda lake akawaua watoto wawili wa kiume usingizini. Indonesia, chatu wakubwa wa huko wamemeza watu, mwaka 2017 kisiwani Sulawesi na tena 2018 kwenye kisiwa jirani cha Muna. Wale hawakupima mtu. Mmoja alifungiwa kizembe, wengine walikuwa porini kwao. Mtu mwenye nyoka mkubwa ajue kufuli, asijue hadithi. Wala simshawishi mtu yeyote huko nyumbani kumchukua chatu wa porini amfuge uani. Wanyamapori wa Tanzania wana sheria yao, na akiingia bandani kwa kuku waitwe maofisa wa wanyamapori.

Ninachokuomba, Mhariri, ni masahihisho, na yakae ukurasa uleule kwa herufi zilezile. Kwa sababu huku ughaibuni tupo wazazi tulioachiwa nyoka, mijusi na kobe na watoto walioenda vyuoni, tunasoma gazeti lako, na mtu akiamini kwamba mnyama wake anapanga njama atamtupa nje kwenye theluji badala ya kuangalia waya wa themostati. Mke wangu mwenyewe ameuliza huyu ataishi hadi lini. Nikamwambia ukweli: miaka 20 au 30 ni kawaida, na kuna jike moja kwenye bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, lililotaga mayai mwaka 2020 likikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60. Akasema, "Basi atanizika."

Dada yangu wa Kilosa nilimtumia picha ya mizani Jumatano iliyopita, aone mwenyewe mgomo umekwisha: gramu 1,352. Akajibu baada ya saa nzima: "Na wewe una kilo ngapi, kaka?"

Wako,
Baba Rehema
Reading, Uingereza